Mfuaji wa Jezi

Nimefua miaka kumi na tisa
chini ya jukwaa la mashariki, chumba kisicho dirisha,
mashine tatu, moja yao kilema,
na mto Vah ukipita nyuma ya ukuta
kama jirani asiyesalimu.
Wengine huwajua wachezaji kwa mabao.
Mimi nawajua kwa madoa.

Kipa huchakaa viwiko.
Winga hurudi na chokaa ya mstari wa pembeni.
Radovan, mshambuliaji wetu, jezi yake hunukia manukato
hata baada ya dakika tisini. Mungu amsamehe.

Namba nne alikuja Januari,
theluji magotini, naye kavaa raba za turubai.
Ayamga. Nililitafuna jina lile siku tatu
mpaka likalainika.
Kwao Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana,
ambako upepo wa Disemba hubeba vumbi la jangwa
na midomo hupasuka kama hapa,
ila kwa ukavu.
Wakala alimwahidi Ujerumani.
Gari likasimama Slovakia.

Jezi yake ya kwanza:
nyasi ubavu wa kushoto, tope mgongo mzima,
tone la damu ukosini, wala si yake.
Nikaiinua kwenye taa nikaisoma kama barua:
huyu huteleza kwa upande wa moyo.

Bao likifungwa lina dakika, lina jina,
huandikwa ubaoni kwa taa.
Lisilofungwa huandikwa wapi?
Misimu saba alizuia mambo yasitokee,
na yasiyotokea hayapigwi picha.
Magazetini alikuwa mguu,
mguu mmoja, nyuma ya mtu anayeshangilia.

Likizo ya pili aliniletea kikapu, kazi ya mama yake.
Nyasi huchanwa kwa meno, alisema,
husokotwa mbilimbili juu ya paja.
Utotoni yeye alishika ncha ya pili.
Kazi yake ilikuwa moja: asiachie.
Nikatia humo vibanio vyangu vya nguo.

Oktoba ile, mvua, kona ya dakika ya mwisho,
mpira ukamgonga goti ukaingia kwetu.
Jina lake likawaka ubaoni kwa mara ya kwanza,
upande wa wageni.
Juu ya dari langu nikasikia milio ya nyani,
nikazitambua sauti: ya fundi bomba,
ya yule anayeniuzia mkate.
Jumatatu nikabadilisha duka.

Usiku ule alishuka mwenyewe na jezi mkononi,
akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.
Tukaitazama mashine ikizunguka, nusu saa nzima.
Hakusema kitu.
Nami sina Kiingereza cha msiba.

Baadaye goti. Kwanza barafu, kisha sindano,
kisha benchi, kisha miezi sita kwa mkopo
kwenye timu ya milimani isiyo na mfuaji;
alirudi na jezi zao ndani ya mfuko wa plastiki,
akiona haya, akiuliza kama inawezekana.
Ilikuwa inawezekana.
Mkataba wake uliisha Juni, kama maziwa.
Klabu ikampa saa ya ukutani.

Wapo wasemao yuko Malta, daraja la pili.
Wapo wasemao amerudi kwao, anafuga kanga.
Mtunza uwanja anaapa alimwona Vienna,
kituo cha treni, amevaa viatu vizuri.
Mimi nina kikapu.

Namba nne wa sasa ni kijana wa hapahapa,
mrefu, nywele za gharama.
Jumamosi tulishinda tatu bila,
wakamsifu redioni kwa utulivu wake.
Jezi imerudi nyeupe kama ilivyotoka kwangu.
Nikaigeuza nje ndani, nikainusa,
nikautazama tena ubavu wa kushoto.
Nikaifua hivyohivyo.